Marahaba ya Mfaranki

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anisikilize. Mimi nimeshazoea. Nimechekwa Doha, nimechekwa Muheza, na kuna mtu Pemba ambaye nadhani ananicheka mpaka leo kila akinikumbuka. Lakini haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki, na sikuwa na homa wala usingizi. Tena hayakunipata usiku. Najua watu wanapenda kisa cha namna hii kiwe usiku, mbwa wanabweka, umeme umekatika. Changu kilikuwa mchana, jua la utosi, viyoyozi vinanguruma. Sisi watu wa pwani tumekatazwa tangu utotoni kuzurura saa ile jua linaposimama kichwani. Nilidhani ni maneno ya mama zetu ya kutulazimisha kulala. Kumbe!

Ilikuwa miaka ile Doha inachimbwa kila upande, uwanja mpya wa ndege haujafunguliwa, na ukipita Al Thumama unarudi nywele zimekuwa za mzee kwa vumbi. Mimi nilikuwa kijana wa kidato cha pili, tena nilikiacha katikati, ila ndoto zangu zilikuwa za mtu aliyemaliza chuo kikuu. Nilitaka kurudi Muheza, ninunue shamba la michungwa, nijenge nyumba yenye baraza pana, na barazani akae Zuhura anamenya chungwa taratibu, bila haraka ya zamu. Hiyo ndiyo ndoto yote. Ni kubwa hiyo?

Zuhura alikuwa msichana wa Wete, Pemba, anatandika vitanda katika hoteli moja ya mjini. Tulijuana kwenye futari ya Watanzania. Nikisema neno anacheka, nami nikaona mtu anayenicheka vizuri namna hii simwachi. Pale Doha mlezi wake alikuwa Ami Seif, mdogo wake baba yake, dereva wa familia moja tangu zamani, anakaa Bin Mahmoud juu ya duka la vitambaa. Nikaenda kwake kujieleza, nimevaa kanzu ya kuazima. Hakuniuliza mshahara. Hakuniuliza kama nina nyumba. Aliniuliza:

"Wewe mwana wa nani?"

"Wa Hamisi."

"Hamisi bin nani?"

"Bin Shekue."

"Shekue bin nani?"

Nikaanza kunyoosha mikunjo ya ile kanzu ya watu. Baba yangu alikufa kabla sijajua kutembea, na mambo ya mababu hakuna aliyewahi kunikalisha akanieleza. Ami Seif akanitazama kama anavyotazama gari lililoegeshwa vibaya.

"Farasi wa hapa Qatar wajulikana babu zao hadi wa kumi," akasema. "Wewe binadamu, wa tatu tu humjui? Sisi hatumtoi mwana kwa mtu aliyedondoka kama tone la mvua. Nenda kaulize kwenu. Uje Ijumaa baada ya sala, unitajie majina matatu. Matatu tu, sitaki zaidi."

Sasa angalia jinsi dunia inavyoweza kumchosha mtu kwa jambo dogo. Nilimpigia mama. Akasema baba wa Shekue ni Mbwana. Nikafurahi, nikampigia na shangazi ili kuhakikisha, maana shangazi ndiye mwenye ukoo. Shangazi akapandisha sauti mpaka simu ikakwaruza: "Mbwana? Mbwana alikuwa mwenye punda! Babu yetu ni Kilua. Mama yako kaja hapa kuolewa tu, ukoo ataujulia wapi?" Nikamrudia mama. Mama akasema, "Shangazi yako hata umri wake mwenyewe anaubahatisha." Nikamrudia shangazi, mtandao ukakatika. Nilitaka kuitupa simu ukutani, ila ilikuwa bado mpya.

Mwenzangu wa chumbani, Otieno wa Kisumu, alikuwa kitandani anasikiliza yote.

"Buda," akasema, "hii ni ndoa ama ni intavyuu? Sema jina lolote. Nani ataenda Muheza kufukua makaburi?"

"Siwezi kumdanganyia Zuhura babu."

"Basi kaa hivyo na ukweli wako, mkaoane na ukweli."

Otieno na mimi tulikuwa walinzi mahali pamoja. Tajiri mmoja wa Al Rayyan, jina lake sina haja ya kulitaja, alikuwa na ukumbi wake wa vitu vya kale: panga, mitungi, mazulia, mawe ya kuchongwa. Ulifunguliwa asubuhi, ukafungwa adhuhuri, ukafunguliwa tena alasiri. Pale katikati, mji mzima umelala kwa joto, mlinzi mmoja alibaki ndani peke yake.

Mwisho kabisa wa ukumbi lilikuwepo jiwe refu la kaburi. Juu yake amechongwa mtu amelala chali, pua imevunjika, viganja vimegusana kifuani, mbwa mdogo amejikunyata miguuni. Otieno ndiye aliyenisomea maelezo, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alikuwa mtu mkubwa wa Wafaranki, watu wa Ulaya ya zamani, kabla Ufaransa haijaitwa Ufaransa.

"Wameandika alikuwa na kaunti yake," Otieno akasema, macho yakamtoka. Wakenya ndio kwanza walikuwa wamechagua magavana wao mwaka ule, kaunti ilikuwa wimbo wa kila siku. "Manze, kumbe kaunti zilianza kitambo! Huyu ni gavana!"

Basi tukamwita Gavana. Asubuhi gavana, jioni gavana. Jina lake la kweli lilikuwa Ansemundo. Ukutani nyuma ya jiwe walichora ukoo wake kama mti uliogeuzwa: juu kabisa Teudono, chini yake Wulfrado, chini ya Wulfrado watoto wawili, Ansemundo na ndugu yake. Kutoka kwa ndugu yake mistari ilitawanyika mpaka ikajaa ukuta, wajukuu, vitukuu, watu wenye ngome na mataji. Chini ya Ansemundo hakukuwa na kitu. Otieno akasoma kwamba alikufa bila mtoto, na wale wote waliojisifu baadaye kuwa ni kizazi chake walikuwa wa ndugu yake. Jina lake lilining'inia pale peke yake kama shati moja kwenye kamba. Niamini, nilimwonea huruma. Kila nikipita nilikuwa namwambia kimoyomoyo, pole, Gavana.

Alhamisi, siku moja kabla ya kwenda kwa Ami Seif, ilikuwa zamu yangu ya kubaki adhuhuri. Nje joto la Agosti lilikuwa linachemsha hata kivuli. Nikaona nifanye mazoezi. Nikasimama mbele ya jiwe, Gavana ndiye Ami Seif, nikajikohoza, nikasema kwa sauti ya mwanamume: "Mimi ni bin Hamisi, bin Shekue, bin..." Nikakwama. Mbwana au Kilua? Nikaanza upya. Nikakwama palepale. Mara ya ngapi sijui, nikapiga mguu chini kwa hasira, nikapaza sauti, "Bin nani, jamani? Bin nani?"

Nyuma yangu mtu akauliza, "Bin nani, mwanangu?"

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, ndevu nyekundu zilizoingia mvi, amejifunga joho zito la sufi kama mtu wa nchi ya theluji. Agosti! Doha! Nikadhani ni mgeni wa tajiri aliyesahauliwa ndani milango ilipofungwa. Lakini aliniuliza kwa Kiswahili, utasema mbona hukushtuka? Nami nakuuliza, wewe hujawahi kuona wazee wa misheni, Wazungu waliozeekea kwetu, wanaosema Kiswahili kukushinda? Nikadhani ni padri wa namna hiyo. Tena lafudhi yake ilikuwa ya Muheza hasa, nikajisikia niko nyumbani.

Basi nikafanya alivyonifunza mama. Mtu mzima kakuita mwanangu, wewe unajibu nini? Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Alinikazia macho.

"Umesemaje?"

"Nimesema shikamoo, baba."

"Sema tena," akaomba. Si kwa amri, kwa kuomba, kama mtu anayeomba maji.

Nikadhani masikio yake mazito. Nikapaza sauti, nikatabasamu: "Shikamoo, baba!"

Machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba."

Nilinyoosha mkono nimpe wa salamu. Hakuushika wa kulia peke yake. Alichukua mikono yangu yote miwili, akavigusanisha viganja vyangu, akavifunika kwa vyake. Baridi iliyonipanda! Umewahi kushika chuma cha ndani ya jokofu ngozi ikanasa? Hivyo hivyo. Nikasikia harufu ya sufi iliyoloa mvua. Akanisogelea sikioni, akayasema majina pole pole, moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto uji: Ansemundo, bin Wulfrado, bin Teudono.

"Sasa," akasema, "unayo matatu."

Mlango wa nyuma ukalia. Nikageuka, alikuwa Otieno na mifuko ya biriani. Nilipogeuka tena palikuwa na jiwe tu. Sakafuni, pale aliposimama, palikuwa na ukungu mweupe kama wa pumzi kwenye kioo, ukawa unayeyuka huku ninautazama.

"Ulikuwa unaongea na nani na hakuna msee hapa?" Otieno akauliza.

"Padri," nikasema. Meno yalikuwa yanagongana.

Ijumaa nikaenda Bin Mahmoud. Usiku wa kuamkia siku ile shangazi na mama walikuwa wamepatana, sijui nani aliwasuluhisha: ni Kilua, na Mbwana ni mwenye punda. Kwa hiyo nilikuwa nayo yote, Hamisi, Shekue, Kilua. Nilipanda ngazi najiimbia. Ami Seif alikuwa amealika wazee wawili, halwa imewekwa, kahawa inanukia, na nyuma ya pazia la jikoni niliona vidole vya miguu vya Zuhura vyenye hina, vimetulia, vinasikiliza.

"Haya, kijana. Wewe mwana wa nani?"

Nikafungua mdomo niseme Hamisi. Wallahi nilikuwa nalo jina ulimini.

"Bin Ansemundo," nikasema, "bin Wulfrado, bin Teudono."

Mzee mmoja akamuuliza mwenzake polepole, "Hao ni Waarabu, Washihiri?"

"Si Washihiri," mwenzake akasema. "Labda wa Muskati."

"Samahani," nikasema, "nimeteleza. Mimi ni bin Ansemundo, bin Wulfrado..." Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Nikaondoa kiganja, likatoka palepale lilipoachia: "bin Teudono!"

Nyuma ya pazia mtu akacheka, kisha kicheko kikakatika. Kule kukatika ndiko kulikoniumiza.

Ami Seif hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kikombe chini akasema, "Kijana, nimeona watu wakidanganya asili yao. Wakidanganya, hutumia majina ya watu. Nakupa Ijumaa moja nyingine kwa sababu mwana wangu amelia kwa ajili yako. Ukija na mchezo huu tena, ngazi zile zile ulizopandia ndizo utakazoshukia."

Nilirudi Al Rayyan nikiwa nimewaka. Zamu ya adhuhuri ilipofika nilisimama mbele ya lile jiwe nikamtolea Gavana maneno yote niliyo nayo. Nirudishie baba yangu, mzee! Nilikuamkia kwa adabu, hii ndiyo shukrani? Jiwe linajibu nini? Pua imevunjika, mbwa amelala. Unajua inavyochosha kugombana na kitu ambacho hakikutazami?

Otieno, ambaye mwanzo alinicheka mpaka akakohoa, aliniona mezani nashindwa kumtajia karani wa kliniki jina la baba yangu, ndipo akaacha. Akaenda kusoma vizuri maelezo ya ukutani. Aliporudi hakuwa na mzaha.

"Buda, ulisema alikushika mikono aje?"

Nikamwonyesha.

"Imeandikwa. Hawa watu, ukitaka kuwa wa mtu, unaweka mikono ndani ya yake hivyo. Wewe ni wake, yeye ni wako, hadi kufa."

"Yeye ameshakufa!"

"Basi ni hadi ufe wewe."

Nikaenda kwa maalimu mmoja wa Kitanga aliyekuwa akifundisha watoto Kurani Al Rayyan. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza jambo moja: nilimwitaje? Nikasema, baba. Mara ngapi? Tatu. Akaguna.

"Sisi twasema baba kwa kila mwenye mvi. Ni heshima, ni kama upepo, latoka lapita. Huyo kakaa miaka na miaka anangoja mtu mmoja wa kumwita hivyo. Wewe umesema, yeye kapokea. Hakukuibia, mwanangu. Ulimpa."

"Sasa nifanyeje, maalimu?"

"Kamkane. Ulimwita mara tatu, mwambie mara tatu kuwa si baba yako. Kila ukikana, jina moja litarudi."

Rahisi, siyo? Hata mimi niliona rahisi. Alhamisi iliyofuata, adhuhuri, nilisimama mbele ya jiwe nikiwa na haraka ya kwenda kuoa.

"Wewe si baba yangu," nikasema. Kitu kikalegea shingoni. Nikajaribu, likatoka: "Bin Hamisi!" Nusura nirukeruke.

"Wewe si baba yangu." Baridi ikaingia ukumbini. Nikajaribu: "Bin Hamisi, bin Shekue!" Ule utamu wa kulisikia jina la babu yako kinywani mwako, nani anaweza kuueleza?

Nikavuta pumzi ya mara ya tatu. Ndipo nikamwona. Alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe lake mwenyewe, magoti ameyakumbatia, kama mgonjwa aliyeambiwa muda wa wageni umekwisha. Alikuwa mwembamba kuliko mwanzo. Hakunitisha, hakunilaumu. Aliinua uso akaniuliza:

"Mwanangu, umekula?"

Basi hapo.

Nilijua ninachotakiwa kusema. Maneno manne. Nilimwona Zuhura barazani, niliona mpaka ganda la chungwa linavyozunguka kisuni. Nikafungua mdomo. Lakini tangu nizaliwe hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Makapteni wa walinzi waliniuliza kama nimelala zamuni. Mudiri, msimamizi wa ukumbi, aliniuliza kama nimefunga milango. Huyu ananiuliza kama nimekula, na mimi namtoa duniani mara ya pili?

"Bado," nikasema. "Nitakula Otieno akija."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Ukungu ukabaki sakafuni.

Hebu nikasirikie nawe! Mimi mwenyewe nilijikasirikia mpaka nikapiga ukuta. Mtu anakunyang'anya ukoo, halafu anakuuliza umekula, nawe unalainika! Nilitoka pale nikijua kabisa, na Ijumaa ikawa kama nilivyojua.

"Wewe mwana wa nani?"

"Bin Hamisi."

Uso wa Ami Seif ukafunguka. "Hamisi bin nani?"

"Bin Shekue."

"Mashaallah. Shekue bin nani?"

Nilijing'ata ulimi mpaka ukatoa damu. "Bin Ansemundo."

Zuhura alinifuata ngazini, kitu ambacho Ami Seif hakumruhusu, na ni mara yake ya mwisho kusimama karibu nami. Nilimweleza yote, jiwe, mikono, maalimu. Aliamini. Hilo ndilo linaloniuma, aliamini kila neno.

"Lilibaki neno moja?" akauliza.

"Moja."

"Ukashindwa kumwambia jiwe neno moja kwa ajili yangu?"

Alipanda ngazi polepole. Mkataba wake ulipokwisha alirudi Wete, akaolewa na mtu ambaye majina ya babu zake yanajaza ukurasa.

Nilitaka kurudi ukumbini nikamalizie. Niliweka nia mara nyingi. Lakini tajiri alipanga upya vitu vyake, na asubuhi moja nikakuta pale penye jiwe pamebaki alama ya mstatili sakafuni. Nilimwuliza mudiri limepelekwa wapi. "Khalas," akasema, "limeuzwa." Kwa nani, nchi gani? Akaniuliza mimi ni mlinzi au mwanasheria.

Sasa niko Muheza. Michungwa ninayo, michache, na baraza ninalo, ila nakaa peke yangu. Kila tukisoma khitma ya mababu, kila mtu hutaja waliotangulia wa upande wake. Nami nikifika wa tatu natamani niseme Kilua, koo linafunga, lazima atajwe yule mwingine ndipo lifunguke. Wazee wanaitikia amina wakidhani ni jina la Kibondei cha kale. Shangazi peke yake ndiye asiyechoka kuniuliza, "Huyu Ansemundo ni wa upande gani?"

"Upande wangu," namwambia. Anasonya. Namwelewa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa mliobaki Doha, mnaolinda maghala na kumbi na nyumba za watu adhuhuri mji ukiwa umelala: mtu usiyemjua akikuita mwanangu, mpe salamu ya njia nyingine. Mwambie habari za mchana. Mwambie karibu. Mwambie mlango wa kutokea ni ule pale. Neno baba usilitoe mpaka umeona kivuli chake kimegusa sakafu. Na kama umeshalitoa, kimbia kabla hajakuuliza kama umekula.